Neno "Imekwenda"

Katika maisha yangu nimesema uongo mdogo mdogo mwingi, kama watu wengine, na sehemu kubwa nimekwisha kuusahau. Uongo mmoja sikuusahau, ingawa nilipousema sikujua kuwa ni uongo. Ulikuwa wa neno moja tu: "Imekwenda."

Mwaka 2003 nilikuwa nikifanya kazi katika chumba kimoja cha uchapaji pale Rusimbi, katika mji wetu wa Kigoma Ujiji. Tulikuwa na taipureta mbili za zamani, mashine ya kutoa nakala, printa, skana, na kompyuta moja iliyounganishwa na simu ya mezani kwa modemu. Watu walikuja kuandikiwa maombi ya kazi, mikataba ya viwanja, risala za harusi na barua za serikali ya mtaa. Lakini wateja niliowapenda zaidi ni wale wa barua pepe. Mji wetu ni mji wa bandari na wa mwisho wa reli. Kila nyumba ina mtu aliyeondoka. Huyu ana ndugu ng'ambo ya ziwa, Kalemie au Uvira. Yule ana mjomba Bujumbura. Mwingine ana binti Dar es Salaam, na wengine wana watoto Muscat, kwa kuwa njia ya Ujiji na Oman ni ya tangu zamani. Simu za mkononi zilikuwa zimekwisha kufika, lakini si katika kila mfuko, na kupiga nje ya nchi kulimaliza fedha ya mboga ya wiki nzima. Barua pepe ilikuwa nafuu. Mtu alikaa kwenye kigoda, akasema maneno yake, mimi nikachapa. Jibu likija nililichapisha kwenye karatasi, nikalikunja na kumwekea.

Watu wengi hawakuwa na anwani zao wenyewe. Walitumia anwani ya ofisi, na jina lao likaandikwa juu ya barua. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ile kompyuta haikuwa chombo cha kazi tu. Ilikuwa kama mkoba wa tarishi wenye siri za mtaa mzima, na mimi ndiye niliyekuwa tarishi.

Siku chache kabla ya mfungo wa Ramadhani mwaka ule, alikuja mama mmoja wa pale pale mtaani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa bila kuvua mtandio. Mumewe alikuwa na kisukari, na kidonda cha mguu kilikuwa kimeanza kunuka. Daktari alikuwa ameandika kwamba mzee apelekwe Mwanza upesi. Nauli na fedha za matibabu hazikuwapo. Mtoto wao wa kwanza alikuwa Muscat, na namba ya simu waliyokuwa nayo haikuwa ikiita tena tangu ahame kazi. Kilichobaki kilikuwa anwani yake ya barua pepe, iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi nyuma ya picha.

"Mwandikie, mwanangu. Na hii karatasi ya daktari umpelekee aione kwa macho yake, asije akadhani mama yake anamwombea vya bure."

Nikaandika. Nikaiweka karatasi ya daktari kwenye skana, nikaihifadhi kama picha, nikaiambatisha. Nikabonyeza kitufe cha kutuma. Barua ikaondoka kwenye kioo. Nikamwambia, "Imekwenda, mama."

Kesho yake akaja. "Hajajibu?" Bado. Keshokutwa akaja, bado. Siku ya nne alisimama mlangoni tu, hakuingia. Siku ya tano alituma mjukuu. Mimi nilikuwa nikipokea barua za watu kila asubuhi kama kawaida, na kwa hiyo sikuwa na shaka kwamba mashine inafanya kazi. Moyoni nilianza kumlaumu yule kijana wa Muscat. Nilijisemea, watoto wa siku hizi wakishavuka bahari husahau.

Siku ya sita aliingia kijana mmoja mfanyabiashara wa dagaa, amekasirika. Alikuwa ameongea na mwenzake wa Dar es Salaam kwa simu, akaambiwa kwamba bei alizotuma kwangu siku tatu nyuma hazikufika. Nilianza kumbishia. Kisha, ili kumwonyesha, nikafungua sanduku la barua zinazotoka. Zilikuwamo sita. Ya kwake ilikuwa ya nne. Ya kwanza, iliyozuia nyingine zote nyuma yake, ilikuwa ya yule mama.

Naomba nieleze kilichotokea, kwa sababu kosa lenyewe ni dogo na mtu yeyote anaweza kulifanya. Programu ya barua inapokaa ndani ya kompyuta, kazi ya kupokea na kazi ya kutuma ni mbili tofauti. Zinatumia kanuni tofauti, na mara nyingi hata seva tofauti. Moja inaweza kuwa nzima na nyingine imekufa. Mimi, kwa kubana gharama za simu, nilikuwa napokea asubuhi peke yake, na kutuma jioni wakati wa kufunga. Na nilikuwa nimeiamuru mashine ikate simu yenyewe baada ya dakika 10. Amri hiyo niliiweka kwa mkono wangu, nikajiona mwerevu.

Sasa hesabu. Ile picha ya karatasi ya daktari, kwa jinsi nilivyoihifadhi, ilikuwa na megabaiti 4. Barua pepe haisafirishi picha kama ilivyo. Huigeuza kwanza kuwa herufi, na kugeuzwa huko huongeza uzito kwa theluthi moja. Hivyo ikawa zaidi ya megabaiti 5. Laini yetu ya simu, katika siku njema, ilipitisha kama baiti elfu tatu kwa sekunde. Gawanya mwenyewe: ilihitaji karibu nusu saa, na mimi nilikuwa nimeipa dakika 10. Zaidi ya hayo, barua iliyokatika katikati haiendelei pale ilipokomea. Kesho yake huanza upya, mwanzo kabisa. Kila jioni ile barua ilipanda mlima hadi theluthi ya njia, ikakatiwa kamba, ikaporomoka. Jioni tano. Na kila jioni programu iliandika onyo dogo pembeni mwa kioo, nami nilikuwa nimekwisha zima taa na kushika kofuli.

Niliitoa ile picha, nikaandika upya maneno matupu, nikaituma nikiwa nimeikodolea macho mpaka sanduku likawa tupu. Haikuchukua hata dakika moja. Kisha nikafunga ofisi, nikaenda nyumbani kwa yule mama.

Njia ile ni fupi lakini siku hiyo ilikuwa ndefu. Niliwaza kumwambia kwamba mtandao ulikuwa mbovu. Lisingekuwa neno geni. Kila mtu Kigoma alikuwa amezoea kusikia kwamba mvua imelowesha nyaya au jenereta limezimika. Angeniamini. Nilipofika nilimkuta anapepeta mchele uani, na mzee amelala barazani, mguu umefungwa kitambaa. Nilichuchumaa. Nikamwambia kweli: barua haikwenda, ilikuwa imelala ndani ya mashine siku zote hizi, na kosa ni langu, kwa kuwa nilisema imekwenda bila kutazama.

Aliweka ungo chini. Hakunitukana. Alinyamaza kwa muda, halafu akasema, "Nimemnenea vibaya mwanangu. Jana nimewaambia wifi zangu kwamba sina mtoto Muscat." Akafuta macho kwa upindo wa khanga. "Utamwandikia tena. Mwambie mama yake alimdhania vibaya, amsamehe. Hiyo nayo utahakikisha imefika."

Yule kijana alipiga simu kesho yake asubuhi kwenye simu ya jirani. Fedha zilikuja. Mzee alipandishwa treni hadi Tabora, wakabadilisha kwenda Mwanza. Mguu ulikatwa chini ya goti. Nilipomuuliza mtoto wake wa pili kama zile siku sita ndizo zilizouchukua, aliniambia kwamba daktari alisema pengine ungekatwa hata hivyo. Neno hilo "pengine" nimeishi nalo tangu siku hiyo.

Baada ya hapo nilianza kujifunza kazi ambayo nilidhani naijua. Nikanunua daftari kubwa, nikachora mistari. Kila barua iliyotoka niliandika tarehe, jina, anwani, na uzito. Na safu ya mwisho niliiacha wazi mpaka nione barua imehama kutoka sanduku la zinazotoka kwenda kwenye sanduku la zilizotumwa. Hapo tu niliweka alama. Na mteja akiniuliza, sikusema tena "imekwenda". Nilisema, "Imepokelewa na seva, tusubiri."

Kwa maana hata pale bado barua haijafika. Imetoka mkononi mwangu tu, ikashikwa na seva ya kwanza. Seva hiyo huitafuta ya pili. Ikikuta mlango umefungwa hurudi tena na tena, na kwa desturi hujaribu siku nne au tano kabla ya kukata tamaa. Ikishindwa, humwandikia mtumaji barua ya kurudisha. Barua hizo za kurudisha huja na jina la ajabu, Mailer-Daemon. Mwenzangu wa ofisini, aliyesoma Kiingereza cha Biblia, alikuwa akizifuta haraka bila kuzisoma. Alisema hataki barua za pepo wachafu asubuhi. Tulicheka, lakini katika zile alizofuta zilikuwamo habari za watu ambao walikuwa wakingoja majibu ya barua zisizofika. Nikamfundisha, na mimi nikijifunza, kutafuta namba ndani ya barua hiyo. Kanuni ya kutuma barua iliandikwa na Mmarekani Jonathan Postel mwaka 1982, na namba zake zinatumika hadi leo. Inayoanza na 4 maana yake ni "kwa sasa haiwezekani, subiri." Inayoanza na 5 maana yake ni "haiwezekani kabisa, rekebisha." Ukiona 550, mara nyingi anwani imekosewa herufi au haipo. Ukiona 552, sanduku la mwenzako limejaa au mzigo wako ni mzito mno. Namba tatu tu, nazo hukuambia ungoje au usahihishe.

Kosa la pili nililojifunza ni la umeme. Kwa miaka mingi Kigoma ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea majenereta ya dizeli, na umeme ulikatika bila kubisha hodi. Programu nyingi za barua huweka barua zote za folda moja katika faili moja kubwa. Ukifuta barua, haiondoki. Inawekewa alama tu kuwa imefutwa, na nafasi yake inabaki. Kwa hiyo mara kwa mara folda hubanwa: programu inaandika faili jipya lenye barua zilizo hai peke yake, kisha inalitupa la zamani. Ukizima mashine, au umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, unaweza kubaki huna la zamani wala jipya. Jambo hilo lilinipata mwaka uliofuata. Folda ya barua zilizopokelewa ilifunguka ikiwa tupu kama kisima wakati wa kiangazi. Kilichonisalimisha ni kwamba kila Ijumaa nilikuwa nikinakili mafaili yote kwenye sidii, na siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Tulipoteza siku tatu badala ya miaka miwili. Tangu hapo sikubana folda bila betri ya akiba iliyojaa, na sikubana kabla ya kunakili. Na nakala yenyewe niliijaribu kuifungua, kwa sababu nakala ambayo hujawahi kuifungua ni tumaini tu.

La tatu ni kulimbikiza. Mafaili ya barua yana ukomo. Matoleo ya Outlook ya kabla ya mwaka 2003, kwa mfano, yaliweka barua zote katika faili lisiloweza kupita gigabaiti 2, na aliyefika hapo alijikuta hawezi kufungua hata barua ya jana. Dawa yake ni ya kinyumbani: ghala lisilofagiwa huingia panya. Kila mwisho wa mwaka nilihamisha barua za mwaka huo kwenye folda yake, nikaziweka kando.

La nne ni kuacha nakala kwenye seva. Kanuni ya zamani ya kupokea barua ilichukua barua kutoka kwenye seva, ikaishusha kwenye kompyuta, na kwa kawaida kule ilikotoka ikafutwa. Kompyuta ikiibiwa au ikiungua, barua zimekwenda nayo. Kulikuwa na kisanduku kidogo cha kuweka alama ili nakala ibaki kwenye seva kwa siku kadhaa. Nilikiwekea alama, nikachagua siku 14.

La tano lilinichekesha. Siku moja wateja wakaanza kulalamika kwamba barua zao zinafika lakini hazionekani. Ndani ya kompyuta kuna kibetri cha mviringo kama sarafu, kinachotunza saa wakati mashine imezimwa. Chetu kilikuwa kimekufa. Kila asubuhi kompyuta iliamka ikidhani ni miaka mingi nyuma, na barua zetu zilizama chini kabisa ya orodha ya wapokeaji, katikati ya barua za zamani. Kibetri cha bei ya soda mbili kilimaliza kesi.

Na la sita ni kufungua viambatisho ovyo. Mwezi Mei mwaka 2000 kirusi kilichokuja na kichwa cha barua kisemacho "nakupenda" kilizunguka dunia kwa siku moja, kwa sababu kila aliyekifungua kilijituma chenyewe kwa wote waliokuwa katika kitabu chake cha anwani. Hakikuvunja mlango. Kilibisha hodi kwa sauti ya mtu unayemjua. Tangu nijue hilo, mteja akiletewa kiambatisho asichokitegemea, nilimuuliza kwanza mtumaji.

Leo ile ofisi haipo. Mkongo wa baharini ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, simu zikaingia kila mfuko, na wajukuu wa wateja wangu wanatuma picha za mgebuka na mawese kwa shangazi zao Muscat kabla moshi wa jiko haujatulia. Hata hivyo wapo bado wanaotumia programu za barua kwenye kompyuta, maofisini na mashuleni, na bado huniita. Mwaka 2022 kampuni kubwa za barua pepe zilianza kukataa njia ya zamani ya kuingia kwa jina na neno la siri peke yake, na mwalimu mmoja aliniita akiwa na hakika kwamba ameibiwa neno la siri. Hakuwa ameibiwa. Programu yake ilikuwa ya zamani, haijui njia mpya. Tulipakia toleo jipya, ikafunguka. Kabla sijaanza nilimuuliza maswali yale yale ninayojiuliza siku zote: unapokea lakini hutumi, au hutumi na hupokei? Ni barua zote au moja? Ilianza lini, na siku hiyo ulibadilisha nini? Onyo linasemaje, neno kwa neno? Aghalabu ugonjwa hujitaja wenyewe kabla hujafika swali la mwisho, lakini watu wengi hulifunga onyo kabla hawajalisoma, kama nilivyokuwa nikifanya mimi na kofuli mkononi.

Yule mzee aliishi miaka mingine saba. Alijifunza kutembea kwa magongo, na kila akienda sala ya alasiri alipita mbele ya dirisha langu. Alisimama, akaegemea gongo moja, akanitazama kwa jicho la utani. "Mwanangu, leo zimekwenda?"

"Shikamoo, baba. Natazama kwanza."

"Marahaba. Tazama."

Sikuwahi kumjibu swali lile papo hapo. Niligeuka, nikafungua sanduku la zinazotoka, nikahesabu. Yeye alingoja pale pale juani kwa mguu wake mmoja, bila haraka, mpaka nimwambie kwamba sanduku ni tupu. Hapo ndipo alipoendelea na safari yake ya msikitini.